Shuka Lililofumuliwa Maua

Simu ilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Aliyepiga hakupoteza muda kwa salamu. “Mama wa Kariakoo ametutoka alfajiri,” alisema. “Wanazika leo baada ya Alasiri, Magomeni.” Alikuwa mwenzangu tuliyepanga naye nyumba moja ujanani, na mama aliyemtaja ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wetu. Ninyi mnaonisoma kila wiki hamumjui. Hakuwahi kuongoza chochote, picha yake haikuwahi kutoka gazetini, na jina lake sitaliandika kwa sababu mwenyewe asingependa. Alikuwa mdarizi. Alishona maua kwa sindano ya mkono juu ya mashuka na foronya za maharusi, katika miaka ile ya Ujamaa ambayo kipande cha nguo kilikuwa kitu cha kupangia foleni tangu alfajiri. Nimekaa na habari hii tangu siku ya maziko, na kila nikijaribu kuandika jambo jingine mkono unarudi kwake.

Nilifika kwake nikiwa kijana mgeni kutoka Kilimanjaro, nimepata kazi ya kusahihisha kurasa za gazeti katika ofisi moja karibu na Posta. Nyumba yake ilikuwa ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi mrefu katikati na uani nyuma kwa kupikia na kuogea. Alikuwa amekuja mjini kutoka upande wa Lindi akiwa msichana, akaolewa na fundi wa reli, akazaa naye binti mmoja. Nilipohamia, yule fundi alikuwa ameshamwacha na kuoa mke mdogo, wakaishi mtaa wa pili tu, kiasi kwamba mama alikuwa akikutana na mwanamke yule sokoni na kila mmoja akitazama upande wake. Nyumba ilikuwa ya mama mwenyewe, aliachiwa na shangazi yake. Kodi zetu zilimpa unga na mafuta ya taa. Yote mengine yalitoka kwenye sindano.

Alikuwa akikaa mkekani mwishoni mwa ukumbi, karibu na mlango wa uani, pale mwanga ulipoingia vizuri bila jua kumpiga usoni. Nguo aliibana kwenye duara la mbao ikakazana kama ngozi ya tari. Ua alilichora kwanza kwa penseli, mstari mwepesi ambao mimi nilishindwa kuuona, kisha sindano ikaanza kwenda na kurudi, na jani likatokea, na jani lingine, mpaka ukajikuta umesimama pale na ndoo yako ya maji umesahau ulikokuwa unakwenda. Kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa upande wa chini wa nguo. Hapakuwa na fundo wala uzi unaoning'inia. Nilipomuuliza kwa nini anahangaika na upande usioonekana, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafua soksi. “Shavu la mtu litalala hapo,” alisema. “Unataka aamke ana mikwaruzo?”

Vijana watanisamehe nikieleza jinsi hali ilivyokuwa, maana mtu aliyezaliwa baadaye hawezi kuikisia. Maduka ya ushirika yalikuwa na rafu ndefu zilizokaa tupu. Likija lori, habari ilikimbia Kariakoo nzima kabla halijazimwa injini, na watu wakapanga foleni bila kujua limeleta nini. Kanga moja ilikuwa ikivaliwa na mama na mabinti kwa zamu. Watu waligeuza mifuko ya unga wa ngano kuwa mashati, na mashuka meupe ya nyumbani yakaishia kushonwa sare za shule za watoto. Bafta, ile nguo nyeupe laini ambayo watu wa pwani huitumia kwa mambo mazuri na kwa sanda pia, ilikuwa haionekani kabisa. Nyuzi za rangi ndizo usiseme. Mdarizi katika miaka ile alikuwa kama mpishi aliyeachiwa sufuria na kuni bila chakula.

Lakini yeye alitafuta. Familia moja ya Kihindi kule Kisutu ilimpa sari kuukuu, akachomoa nyuzi zake za njano moja moja. Nyekundu aliipata kwenye pindo la kitambaa cha meza kilichokwisha kazi. Siku moja akanisimamisha ukumbini nikitoka kazini.

“Wewe Mchaga, lile sweta lako la kijani unalivaa lini?”

“Nikienda nyumbani, mama. Kule kuna baridi.”

“Na mwaka huu unakwenda?”

“Sijui. Likizo haijatoka.”

“Basi nipe. Wakikuuliza kwenu, waambie Dar es Salaam imelila.”

Nilimpa. Alilifumua kuanzia shingoni, akauloweka uzi, akauanika na jiwe limefungwa chini ili ujinyooshe, kisha akauchambua ukawa nyuzi nyembamba kiasi cha kupita kwenye tundu la sindano ndogo. Sweta lote la shule, ambalo mama yangu alilinunua Moshi mjini na kuniambia nilitunze, liligeuka majani. Sikulisikitikia hata siku moja.

Majani hayo yalikuwa ya shuka la binti yake. Binti alikuwa ameposwa na kijana wa Magomeni, na mama alikuwa na bafta moja tu, aliyoinunua zamani kabla mambo hayajaharibika, akaificha chini ya sanduku kwa ajili ya siku hiyo. Aliunga vipande vyake viwili vikawa shuka kubwa la kitanda cha harusi, akaanza kulidarizi. Binti mwenyewe hakuruhusiwa kuliona. Ndivyo walivyofanya kwao, alisema: bibi harusi huliona shuka lake siku linapotandikwa. Binti alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nguo, anaondoka giza halijaisha na kurudi jioni, na saa hizo ndizo mama alizozitumia. Akisikia sauti yake barazani alilikunja haraka na kuchukua foronya za watu. Binti alijua, bila shaka. Mara nyingi nilimwona akikohoa mlangoni kabla hajaingia, kumpa mama yake nafasi ya kuficha. Lakini hakuwahi kuchungulia. Alikuwa akiniuliza mimi kwa mzaha, “Kaka, zuri?” nami namjibu kwamba nimekatazwa kusema.

Kazi ile ilichukua muda mrefu sana. Zikiisha nyuzi ilisimama kwa miezi, zikipatikana ikaendelea. Hatimaye shuka lilikuwa limekwisha, na harusi ilikuwa mbele yetu, bado majuma machache.

Ndipo mke mdogo akafa. Alipatwa na homa, akapelekwa hospitali, akarudishwa, na alfajiri moja tukasikia kilio kutoka mtaa wa pili. Binti alikuwa ameshaondoka kwenda kiwandani. Mimi zamu yangu ilikuwa ya mchana, kwa hiyo nilikuwa nyumbani, nanawa uso uani, wakati yule fundi wa reli alipoingia kwenye nyumba ambayo hakuwa ameikanyaga tangu alipoondoka. Alisimama mwisho wa ukumbi, kofia mkononi. Hakupita zaidi.

“Nimezunguka Kariakoo nzima,” alisema. “Balozi wa nyumba kumi amenipa kibali cha sanda, lakini dukani hawana kitu. Nimekwenda mpaka Ilala. Hata shuka jeupe la mtu sijapata.”

Mama aliinamia ungo wake. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

“Nimesikia una bafta,” yule mwanamume alisema.

“Ni ya mwanao.”

“Najua.”

Nilitamani kutoka pale, lakini njia ilikuwa moja na amesimama yeye. Mama aliweka ungo chini. Akauliza saa ngapi wanataka kuzika. Akaambiwa wanangoja sanda tu, wakiipata watazika baada ya Adhuhuri. Akauliza ameoshwa? Bado. Kisha akaingia chumbani, na tulisikia sanduku likivutwa sakafuni.

Alipolitandaza lile shuka ukumbini ndipo nilipoliona lote kwa mara ya kwanza, maana siku zote nilikuwa nimeona kipande kile tu kilichobanwa kwenye duara. Nitasema tu kwamba yule fundi wa reli aliweka mkono mdomoni. Shehe wa mtaa aliitwa, mzee mpole, akalitazama kwa muda. Alisema nguo moja ikimfunika maiti mwili mzima inatosha, shida kama hii Mungu anaijua, lakini sanda hupendeza iwe nyeupe tupu, na haya maua ya rangi… Hakumaliza.

“Maua yatatoka,” mama alisema.

Waliitwa wanawake wa nyumba za jirani. Walikuja na sindano, na mmoja alikuja na wembe. Mama akamnyang'anya. “Ukikata kwa wembe utachana nguo. Inua uzi kwa ncha, uvute taratibu.” Walikaa kulizunguka shuka uani, na mimi nikaitwa nishike pembe moja ili nguo isilegee. “Vuta, Mchaga, lakini usikaze.” Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu yakimtiririka huku anachomoa, na mama akamwambia kwa ukali ageuze uso, asilowanishe nguo ya maiti. Yeye mwenyewe alianzia katikati, kwenye maua mekundu ya mkomamanga, pale palipokuwa na mishono ya karibukaribu zaidi, kwa sababu hakumwamini mwingine pale. Mimi nilisimama na pembe yangu, nikimtazama kwa juu. Niliona vidole vilevile vikirudi kwenye njia viliyopita, kinyumenyume, vikijua kila kona. Majani yangu yalitoka mapema, uzi wa sufu ulikuwa mzito na haukung'ang'ania. Njano ya sari ndiyo iliyosumbua.

Walipomaliza, nguo ilikuwa nyeupe lakini imejaa vitundu. Ukiinamia karibu, ua lilikuwa bado lipo lote, limechorwa kwa matundu ya sindano. Mama aliilowesha, akavisugua vile vitundu kwa ukucha ili nyuzi za bafta zirudi mahali pake, akaikamua, akaianika juani kidogo tu, akaikunja ikiwa na unyevunyevu na kuibeba mwenyewe mpaka mtaa wa pili. Waliokuwa ndani walisema baadaye kwamba alibaki kuosha. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kumsalimia sokoni, alimwosha na kumkafini kwa mikono yake.

Ningependa kuishia hapo, wasomaji wangu, maana hapo ndipo watu wa mtaa ule huishia wanapoisimulia habari hii, na kuifanya kuwa habari ya mama mwenye moyo mwema. Lakini nilikuwa ndani ya nyumba jioni binti aliporudi. Alikuwa ameshaambiwa njiani. Alikuja moja kwa moja mpaka uani akiwa bado na gauni la kiwandani, nywele zina vumbi la pamba. Mkeka ulikuwa haujakunjwa. Nyuzi zilikuwa zimerundikwa juu yake, nyekundu, kijani, njano.

“Mama, ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Umemvisha yule?”

“Nimemvisha maiti, mwanangu.”

“Yule alimchukua baba. Tumelala na njaa humu ndani, wewe unashona mpaka macho yanatoka maji. Leo umempa na shuka langu.”

“Hakuwa na sanda.”

“Na mimi nilikuwa na nini?”

Binti aliinama akachukua fungu la nyuzi, akalitazama mkononi, akalirudisha palepale kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Harusi ilifanyika. Kitanda kilitandikwa shuka la mistari lililoazimwa kwa jirani, na wanawake wa upande wa bwana waliokuja kutazama waliulizana kwa sauti ya kusikika, mdarizi mzima amemtoa mwanawe hivi? Binti alihamia Magomeni. Si mbali, unashuka bonde la Jangwani unapanda upande wa pili, lakini ilipita miaka bila kuja. Mama alimpelekea foronya mbili zilizokuwa zimebaki, zile zilizodariziwa kulingana na shuka. Zilirudi na ujumbe kupitia kwa shangazi mtu: awape maiti wake. Mama alizikunja vizuri, akakaa nazo msimu mmoja wa mvua, halafu akampa bibi harusi mmoja wa mtaa wa Gerezani ambaye hakuwa na kitu. Baada ya hapo aliendelea kushona kwa ajili ya watu, lakini shuka kubwa hakulishika tena. Kwanza bafta haikupatikana, na ilipopatikana macho yalikuwa yameanza kukataa.

Siku hizi Kariakoo imejaa mashuka. Yamepangwa mpaka barabarani, yenye maua yaliyopigwa na mashine huko ng'ambo, rangi ambazo mama yule hakuwahi kuziota, na unaweza kubeba jozi kwenye mfuko wa plastiki bila kumwomba balozi. Sisikitikii foleni, na anayezikumbuka kwa upendo nadhani hakuzipanga. Lakini nikipita pale huwa nageuza nguo nitazame upande wa chini, na ninakuta mafundo, nyuzi zinaning'inia, karatasi ngumu imebandikwa. Hakuna aliyefikiria shavu la mtu. Nyumba aliyoishi imeuzwa na kubomolewa, limesimama ghorofa la maduka. Binti, ambaye kwa wakati huo alikuwa na watoto wakubwa, ndiye aliyekuja kumchukua mama yake akamweka kwake Magomeni. Walioishi nao wanasema alimtunza vizuri sana, alimwogesha, alimlisha alipokuwa haoni tena. Na wanasema habari ya shuka haikutajwa mle ndani hata mara moja, na hakuna aliyethubutu kuianzisha.

Nilikwenda kumwona mama huko, binti akiwa sokoni. Alinijua kwa sauti. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, Mchaga. Umenenepa, nasikia unavyohema.” Tulizungumza mengi, na mwisho nikamuuliza nililotaka kumuuliza kwa miaka yote. Nikasema, mama, ingekuwa leo, ungelitoa tena lile shuka?

Vidole vyake vilichezea pindo la kanga, vikiupapasa mshono.

“Ningelitoa,” alisema. “Mtu hazikwi uchi. Lakini ningetuma mtu kiwandani akamwite mwanangu. Angekuja, tukafumua wote. Au angekataa. Lilikuwa lake, angekataa mwenyewe.”

Nikamuuliza kama amewahi kumwambia hivyo. Akasema, “Nianzie wapi?”

Siku ya maziko tulirudi kutoka makaburini tukakaa kwenye viti vya barazani. Binti, mama mtu mzima sasa, mvi zimemjaa, alipita akiwashukuru waliokuja. Aliponifikia alisimama. Nilidhani ataniambia asante kama wengine.

“Kaka,” alisema, “wewe ulishika pembe siku ile.”

“Nilishika.”

“Lilikuwaje?”

Ilinichukua muda kuelewa anachouliza. Kisha nikakumbuka kwamba hakuwahi kuliona. Mkwe wa mtu, mama wa watu, bibi mwenye wajukuu, amebeba maisha yake yote hasira ya kitu ambacho macho yake hayajakiona. Nilianza kumweleza. Nilisema kulikuwa na mmea wa kutambaa wenye majani ya kijani ukizunguka pembeni, na maua mekundu ya mkomamanga katikati, na asumini za njano hivi, nikajaribu kuchora hewani kwa kidole. Mimi ninayekula kwa maneno nilikosa maneno. Alifuata kidole changu kwa makini, kama mtoto anayefundishwa herufi, na nilijua haoni kitu. Basi nikaacha kuchora, nikamwambia yale ambayo mama yake aliniambia, neno kwa neno, kuhusu kutuma mtu kiwandani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alijifunika kanga vizuri mabegani.

“Nisingekataa,” alisema.

Akarudi ndani kwa wanawake.

Nimeandika safu nyingi za kusifu kazi za mikono ya watu wetu, na nitaandika nyingine. Lakini wiki hii nina jambo dogo tu la kusema. Kitu kinachoshonwa kwa mkono kwa ajili ya mtu, kila mshono mtu huyo anatajwa moyoni, na kabla hakijakwisha kinakuwa chake, hata kama hajakigusa. Ninyi mnaodarizi, mnaofuma, mnaosuka kwa ajili ya mlionao nyumbani, waiteni waione kazi ingali mikononi mwenu. Na ikija siku ambayo inawalazimu kuitoa kwa mwenye shida zaidi, itoeni. Ila kwanza mwiteni mwenyewe, mmpe na yeye sindano.